Shanga za Misri ya kale hazipimwi kwa mizani ya sonara

Septemba 2025 bangili ya Farao Amenemope ilitoweka kwenye maabara ya ukarabati ya Jumba la Makumbusho la Misri, pale Tahrir, Cairo. Ilikuwa ya dhahabu, imetiwa punje moja ya mviringo ya lazuli, lile jiwe la buluu iliyokoza, na ilikuwa imeishi miaka kama 3,000. Ilijulikana haipo wakati vitu vikitayarishwa kwenda kwenye maonyesho mjini Roma. Baada ya siku chache Wizara ya Mambo ya Ndani ya Misri ikaeleza kilichotokea. Mtaalamu wa ukarabati wa humohumo ndiye aliyeichukua. Ikapita kwa muuza vito vya fedha, ikauzwa kwa mwenye karakana ya dhahabu kwa pauni 180,000 za Misri, naye akamuuzia mfanyakazi wa kiwanda cha kuyeyushia dhahabu kwa pauni 194,000. Huyo wa mwisho akaiyeyusha pamoja na dhahabu nyingine.

Habari hiyo imekaa nami tangu siku hiyo. Wizi wa makumbusho si jambo jipya. Linaloniuma ni ile bei. Pauni 194,000 ni bei ya uzito. Bangili iliwekwa kwenye mizani, ikasomwa gramu, ikazidishwa kwa bei ya siku, basi. Tena nikijiuliza kwa haki, mizani hiyo hiyo ndiyo tunayoitumia sisi wengine tunapoitazama Misri ya kale. Muulize mtu yeyote aliyesoma habari za Farao Tutankhamun anakumbuka nini. Atakutajia barakoa ya dhahabu, na kama ni msomaji mzuri atakuambia kwamba jeneza la ndani kabisa lina dhahabu ya kilo 110 hivi. Ni wachache watakaokuambia kwamba juu ya jeneza hilo la kilo 110 waombolezaji waliweka kola ya majani, maua na matunda halisi, iliyoshonewa kwenye karatasi ya mafunjo na kupambwa kwa shanga ndogo za buluu. Waliokuwa na dhahabu yote ile mkononi, moja ya matendo yao ya mwisho lilikuwa kumvisha mfalme maua na shanga.

Mimi nashikilia kwamba mapambo ya Misri ya kale yanaeleweka kwa kuanzia kwenye shanga, na hasa zile za udongo wa kung'aa ambazo sonara asingezitupia jicho. Na shanga zenyewe zinaeleweka kwa kuanzia kwenye uzi.

Lugha yetu imenisaidia hapa kuliko vitabu. Kiswahili kina kitenzi kimoja, kutunga, kwa anayetia shanga kwenye uzi, kwa mvuvi anayepitisha ukambaa kwenye matamvua ya samaki, na kwa malenga anayepanga mishororo ya shairi. Mtungo wa samaki, utungo wa malenga, mtungo wa shanga. Anayeongea Kiswahili hahitaji kuelezwa sana kwamba shanga mia moja kwenye kikombe na shanga hizo hizo mia moja kwenye uzi ni vitu viwili mbali mbali, kama ambavyo maneno ya kamusi hayajawa shairi.

Tuanze na udongo wenyewe. Wataalamu huuita fayansi, jina la Kizungu lililobandikwa baadaye sana. Wamisri waliuita chehenet, yaani kinachong'aa. Si udongo wa mfinyanzi. Ni mawe ya kwatzi au mchanga uliosagwa ukawa kama unga, chokaa kidogo, majivu ya mimea au magadi, na shaba kidogo ya kutia rangi. Naam, magadi, ndugu ya haya tunayotia kwenye maharage yakigoma kuiva. Wamisri walikuwa na bonde zima la magadi, Wadi Natrun, kaskazini-magharibi mwa Cairo, na ndiyo hayo hayo waliyokaushia maiti zao.

Mchanganyiko huo ukitiwa maji ni mkaidi. Ukiubonyeza unalegea, ukiuacha unapasuka. Fundi aliuzungushia kwenye bua la nyasi au uzi mnene, akapata kijibomba chembamba, akakikata vipande vipande, akaviacha vikauke. Vikikauka, chumvi ya magadi hupanda juu pamoja na shaba na kufanya ukungu mweupe, kama ule unaotoka kwenye kuta za nyumba zilizo karibu na bahari. Fundi mgeni angeupangusa. Fundi mzoefu aliulinda asiuguse hata kwa kidole, kwa sababu ndani ya tanuri, kwenye joto la nyuzi kama 900, ukungu huo unayeyuka na kugeuka ganda la kioo la buluu. Bua linaungua na kuacha tundu. Ushanga unatoka tanurini umeshang'aa na umeshatobolewa, haujapakwa chochote. Nikifikiria mtu wa kwanza aliyefungua tanuri akaona mchanga umegeuka rangi ya anga, nahisi kama nilikuwepo.

Wapo wanaoandika kwamba fayansi ilikuwa kito cha maskini, kitu cha kuiga lazuli na feruzi, lile jiwe la buluu ya kijani, kwa asiyeweza kununua. Kuna chembe ya ukweli. Feruzi ilichimbwa Sinai, kule Serabit el-Khadim, ambako mungu wao wa kike Hathor aliitwa Bibi wa Feruzi, na kila safari ya kwenda huko ilikuwa msafara wa kifalme. Lazuli ilitoka mbali zaidi, Badakhshan, katika nchi inayoitwa leo Afghanistan, ikapita mikono mingi kabla ya kufika Nile. Mtu wa kawaida hakuzipata. Lakini hoja ya "kuiga" inaanguka ukiingia makaburi ya wafalme na kuikuta fayansi humo humo, bega kwa bega na dhahabu. Waliokuwa na lazuli ya kweli waliivaa fayansi pia. Waliipenda kwa sababu ya lile jina lake, ule mng'aro. Katika masimulizi yao ya kidini mungu jua Ra akizeeka mifupa yake huwa fedha, nyama yake dhahabu, nywele zake lazuli. Buluu na kijani zilikuwa rangi za maji, mimea inayochipua na mbingu ya usiku, na neno lao la kijani, wadj, ndilo lililomaanisha pia kusitawi. Binadamu aliyejivika shanga za buluu alikuwa anajivika uhai unaorudi, iwe zimetoka mgodini au tanurini.

Mfano wa chuma ndio unaonipa uhakika kwamba hawakupanga thamani kama tunavyopanga. Mwaka 1911, katika makaburi ya el-Gerzeh kusini mwa Cairo, wachimbuaji walikuta shanga tisa za chuma zilizoliwa na kutu, za takriban mwaka 3200 KK. Wakati huo hakuna aliyekuwa akiyeyusha chuma kutoka kwenye mawe nchini Misri. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013 ulithibitisha kuwa ni chuma cha kimondo. Fundi alikiokota kipande kilichoanguka kutoka angani, akakigonga taratibu kikawa bamba jembamba, akalikunja kuwa kijibomba. Shanga hizo zilikuwa zimetungwa pamoja na dhahabu, lazuli na akiki. Leo chuma ni mabati na misumari. Kwake aliyezitunga, kipande cha mbingu kilistahili kukaa na dhahabu uzi mmoja.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuvunja mgongo. Kipande cha ukuta kutoka kaburi la ofisa Sobekhotep huko Thebes, la kama mwaka 1400 KK, kipo London katika makumbusho ya British Museum, na kinaonyesha karakana. Mtu ameketi, mkono mmoja unavuta upinde mbele na nyuma, na upinde huo mmoja unazungusha keekee kadhaa kwa pamoja, kila moja ikitoboa ushanga wake. Jirani yake anatunga. Huko Saqqara, katika kaburi la waziri Mereruka, la miaka zaidi ya 4,000 iliyopita, wanaoshughulikia kola pana za shanga ni watu wenye kimo kifupi sana, na wachoraji waliwapa nafasi yao ukutani katika kazi hiyo ya vito. Liko pia andiko la zama ziitwazo Ufalme wa Kati, miaka karibu 4,000 iliyopita, ambamo baba anamsihi mwanawe asome awe karani, akimtisha kwa taabu za kazi nyingine. Anafika kwa mtoboa vito: anatoboa mawe magumu ya kila namna, akimaliza mikono imekwisha nguvu, na jua likizama bado ameketi pale, magoti na mgongo vimekunjamana. Baba huyo alitaka kudharau kazi. Mimi nikisoma namwona fundi, na namwamini kuhusu yale magoti.

Sasa uzi. Wamisri walitunga kwa nyuzi za kitani. Kitani ni imara, lakini ni mmea, na ndani ya kaburi lenye unyevu kidogo huoza. Shanga ya jiwe haiozi, wala ya fayansi. Matokeo yake ni kwamba mwanaakiolojia akifungua kaburi, mara nyingi anakuta mtungo uliokwisha kupoteza uzi wake, shanga zimelala pale pale zilipokuwa, zimeshikiliwa na vumbi tu. Pumzi moja ya nguvu, mpangilio unakwenda.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akitunga tunda, zile shanga za kiunoni, kwa ajili ya wanawake wa mtaani Pangani. Siku moja nikiwa na miaka saba au nane nilivuta utunda uliokuwa ukingoni mwa kitanda, uzi ukakatika, shanga zikamwagika sakafuni. Nikakimbilia ufagio. Bibi akapiga ukelele ambao naukumbuka mpaka leo: "Usizoe! Ziache zilivyolala!" Akachuchumaa. Kwanza akatazama zile chache zilizobaki kwenye uzi karibu na fundo, nyekundu mbili, nyeupe moja, nyeusi tano. Kisha akafuata zilizoanguka jirani, kundi kwa kundi, akiziokota kwa mate ya ncha ya kidole na kuzipanga kwenye kanga. Kazi hiyo ilimchukua mchana mzima. Utunda ule ulikuwa wa mtu, alisema, na mwenyewe anajua kila rangi imekaa wapi na kwa nini.

Miaka mingi baadaye niliposoma jinsi wachimbuaji wa Misri walivyofanya kazi nilimkuta bibi humo. Walijifunza, wengine baada ya hasara kubwa, kutoziokota shanga. Walipuliza vumbi kidogo kidogo, wakachora kila safu ilipo, kisha wakamwagia nta ya mishumaa iliyoyeyushwa ili igande na kuzishika zote kwa mpigo kama zilivyo. Sanduku moja lililochorwa vizuri katika kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa na timu ya mwanaakiolojia Howard Carter, liliwachukua wiki tatu kulimaliza, kwa sababu lilijaa mavazi na ndara zilizoshonewa shanga na vipande vya dhahabu, vitambaa vikiwa vimeoza kiasi cha kusambaratika kwa kuguswa. Huko Lahun mwaka 1914, Guy Brunton, aliyekuwa katika timu ya mwanaakiolojia Flinders Petrie, alikaa siku kadhaa mchana na usiku ndani ya shimo la kaburi la binti mfalme Sithathoryunet, akichokoa shanga kutoka kwenye matope yaliyoganda. Wezi wa kale walikwisha kupita, wakakiacha kijishimo kimoja ukutani. Mikanda na vidani vilivyotoka humo vinapendeza macho leo, lakini uzi haukuwepo, na mtungo mnaouona katika makumbusho ya New York na Cairo umejengwa upya na akili za watu wa karne ya 20. Walifanya kwa uangalifu mkubwa, nawaheshimu. Hata hivyo nataka mtazamaji aambiwe.

Kazi iliyonishinda kwa uzuri ni gauni la nyavu la Giza. Mwaka 1927 msafara wa mwanaakiolojia George Reisner ulifungua kaburi la mwanamke aliyeishi zama za Farao Khufu, mjenzi wa piramidi kubwa, zaidi ya miaka 4,500 iliyopita. Uzi ulikuwa umekwisha. Lakini sehemu ndogo ya shanga ilikuwa bado imelala katika mpangilio wake juu ya mwili na kandokando yake, na kutokana na sehemu hiyo ndogo watu waliweza kurudisha gauni zima, shanga kama 7,000, zimefumwa kuwa wavu wa maumbo ya almasi kutoka kifuani hadi chini. Lipo Boston sasa. Rangi zimefifia, na mwanzoni zilikuwa buluu na buluu ya kijani. Fikiri kama mtu mmoja mwenye haraka angeshuka kaburini na ndoo. Tungekuwa na ndoo ya shanga 7,000, na hakuna mtu duniani ambaye angejua kuwa kulikuwa na gauni.

Nguo za aina hiyo zilikuwa na sauti pia, jambo ambalo picha haziwezi kutupa. Gauni la wavu lililopatikana Qau, ambalo lipo katika makumbusho ya Petrie London, lina makombe 127 ya baharini kwenye pindo, yametiwa vijiwe ndani ili yalie mvaaji anapocheza. Mkanda wa Sithathoryunet wa kauri za dhahabu una punje za madini ndani yake. Binti mfalme akitembea ukumbini alisikika kabla hajaonekana, kwa mlio mdogo wa kiunoni. Msomaji wa pwani ameshatabasamu. Ndiyo, tunaujua mlio huo.

Na hapa pana mtego. Kila mara ninapozungumzia shanga za kiunoni za Misri hutokea mtu akasema: basi tunda zetu zilitoka huko. Nakataa, na nakataa kwa kuwa nazipenda tunda. Pango la Panga ya Saidi, kule Kilifi, limetoa ushanga wa kombe la bahari wenye umri unaozidi miaka 60,000. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulilinganisha shanga zaidi ya 1,500 za maganda ya mayai ya mbuni kutoka mashariki na kusini mwa Afrika, ukaona watu wa pande hizo walikuwa wakishirikiana mtindo mmoja miaka 50,000 iliyopita. Farao wa kwanza ana miaka 5,000 tu. Shanga za vioo zilizofika pwani yetu katika zama za miji ya Waswahili zilikuja zaidi kwa majahazi ya Bahari ya Hindi, nyingi zikitoka India. Kama kuna deni, halijulikani ni la nani kwa nani. Wanawake wa Nile na wanawake wa Pangani walivaa shanga kiunoni kwa sababu zinazoeleweka popote penye miili, ndoa, uzazi na muziki. Kuwapeleka wote kwenye chemchemi moja ya kifalme ni kurudi kwenye mizani ile ile ya sonara, ambako kitu cha bibi yangu hakina uzito mpaka kithibitishwe na farao.

Ninachoona tunashirikiana nao kweli ni imani kwamba pambo linafanya kazi. Mwandishi wa kisasa hutenga hirizi upande mmoja na urembo upande wa pili. Wamisri hawakutenga, na wazee wetu vilevile. Fundo la Isis, hirizi ya mungu wao wa kike mwenye jina hilo, liliagizwa katika maandiko yao ya mazishi litengenezwe kwa jiwe jekundu, kwa kuwa wekundu ulikuwa damu yake mama huyo. Watoto walifungiwa kwenye ncha ya msuko wa nywele kidani cha samaki, nekhau, wasizame mtoni. Baadaye, karibu mwaka 1000 KK, walivalishwa shingoni vijibomba vyenye ukanda mwembamba wa mafunjo, umeandikwa ahadi za miungu kumkinga mtoto na nyoka, nge na maradhi. Aliyewahi kushonewa hirizi ya ngozi akiwa mdogo hahitaji mkalimani.

Samaki huyo wa msukoni amebeba hadithi ninayoirudia kila nikipata nafasi, kutoka kwenye mafunjo yaliyohifadhiwa Berlin. Farao Sneferu, baba yake Khufu, alikuwa amechoka roho. Kuhani wake Djadjaemankh akamshauri apelekwe ziwani na wasichana 20 wampigie makasia, wamevaa nyavu badala ya nguo. Moyo wa mfalme ukachangamka. Ghafla upande mmoja ukanyamaza. Msichana aliyekuwa kiongozi wa safu alikuwa ameshika msuko wake, na kidani chake cha samaki, cha feruzi mpya, kimeanguka majini. Mfalme akamwambia endelea, nitakupa kingine. Akakataa. Alitaka kile kile chake. Ikabidi kuhani asome maneno yake, akaukunja upande mmoja wa maji ya ziwa juu ya upande wa pili, akakikuta kidani kimelala juu ya kigae, akampa mwenyewe.

Msichana yule alikuwa mbele ya mtu tajiri kuliko wote nchini, akaahidiwa feruzi nyingine, na akasema hapana. Msimuliaji hakumcheka wala hakumwadhibu. Alipewa haki yake kwa muujiza. Kwa wasikilizaji wa Kimisri ilikuwa wazi kwamba feruzi mbili zenye uzito mmoja hazilingani ikiwa moja imekaa kwenye nywele zako.

Sasa niseme kinachonikera, kwa sababu makala hii nisingeiandika bila hilo. Kuanzia takriban mwaka 700 KK desturi ilienea ya kufunika maiti kwa wavu wa vijibomba vya fayansi ya buluu, vimeunganishwa kwa umbo la almasi, kifuani pakiwekwa mbawakawa mwenye mabawa na chini yake sanamu za wana wanne wa mungu Horus. Maiti ililala chini ya anga iliyofumwa. Nyavu hizo zilikuwa nyingi, na uzi wake ulioza kama wa nyingine zote. Katika karne ya 19 na ya 20 watalii walipoanza kumiminika Misri, vijibomba hivyo viliokotwa kwa viganja, vikatungwa kwa uzi mpya kuwa mikufu ya kuvaa jioni hotelini, vikauzwa kama shanga za maiti. Mpaka leo vinauzwa mitandaoni katika nchi nyingi kwa bei ya viatu. Misri yenyewe ilipiga marufuku biashara ya vitu vya kale kwa Sheria namba 117 ya mwaka 1983, lakini vilivyotoka kabla vinaendelea kuzunguka, na vilivyoibwa jana vinajificha kati yao kwa urahisi, kwa kuwa kijibomba cha buluu hakina sura ya kukitofautisha na kingine.

Bangili ya Amenemope ilipoyeyushwa dunia ilipiga kelele, na ilistahili. Kila mkufu wa shanga za maiti ni wavu ulioyeyushwa pia, na hakuna anayepiga kelele, kwa sababu malighafi bado ipo. Ndiyo maana nasema tatizo letu liko kwenye mizani. Makumbusho zianze kwa kuandika wazi kwenye vibao: shanga hizi zilikutwa katika mpangilio huu, au mpangilio huu ni wa fundi wetu wa mwaka fulani, au hatujui. Baadhi wanafanya hivyo na kazi yao inasomeka vizuri zaidi. Novemba 2025 Jumba Kuu jipya la Makumbusho la Misri lilifunguliwa rasmi karibu na piramidi za Giza, na kwa mara ya kwanza vitu vya Tutankhamun, zaidi ya 5,000, vimewekwa mahali pamoja. Msongamano utakuwa mbele ya barakoa. Mimi ningempeleka mgeni wangu kwanza kwenye ndara na kola. Na wanunuzi wasinunue. Sina namna laini ya kulisema hilo.

Mwaka juzi rafiki yangu alirudi kutoka Ulaya na kijisanduku. Alijua ninapenda mambo haya, akataka nifurahi. Ndani mlikuwa na mkufu wa vijibomba vya buluu, vimetenganishwa na punje za marijani za kisasa, kwa kishikizo cha fedha. Karatasi iliandikwa kwamba vina umri wa miaka 2,500. Nilivihesabu, vilikuwa 64. Nilikiweka kimoja kwenye kiganja na kukisogeza dirishani. Ganda lake lilikuwa limebanduka upande mmoja, na chini yake mchanga mweupe ulionekana wazi kabisa, punje kwa punje. Vilikuwa vya kweli, nina hakika. Akaniuliza vilikuwa vya mwanamke au mwanamume, wa mji gani, alikufa akiwa na umri gani. Nikavirudisha vyote 64 kwenye pamba yake, nikamwambia hata bibi angekuwa hai asingeweza kumjibu, kwa sababu mtu alishazoa.